Lenzi ya Saizi Kubwa

Jumatatu, 8 Novemba 1993
Mama Agatha kanunua basi dogo la mtumba, la Vudee hadi Same. Dereva ni mimi au Paschal. Jumapili baada ya ibada tutasimama mlangoni pa kanisa tusome namba ya basi likiwa kule chini sokoni. Atakayesoma, funguo zake. Balaa! Mimi ng'ombe simwoni hadi anipumulie. Paschal vilevile, ila ana miwani. Mimi sivai. Dereva mwenye miwani, abiria watapanda kweli?
Dawa ninayo. Same wamekuja madaktari wageni, wanapandikiza lenzi ndani ya jicho. Bure!

Jumanne, 9 Novemba
Same. Nani yuko foleni? Paschal! Kisirani. Nesi Honorata katupima upana wa jicho. Mimi milimita kumi na mbili. Paschal kumi na tatu. Mtu hata godoro hana, apewe kubwa kuliko mimi? Nikaomba niongezewe. Tangu enzi za foleni za duka la ushirika, nani kwetu hununua kitu kinachomtosha? Viatu vya shule nilivaa na matambara mbele, na vilidumu. Honorata akasema lenzi si kiatu. Ikiwa ndogo itagusa lenzi ya asili na kuleta mtoto wa jicho. Ikiwa kubwa itazuia maji ya jicho, presha ipande. Nikajibu ndiyo, dada. Wanatubania tu.

Jumatano, 10 Novemba
Safi! Paschal katoka kwenda kula makande. Likaitwa jina lake. Nikaitika.
Aliporudi akaambiwa lenzi ya saizi yake imekwisha. Kapanda kwenda Vudee na miwani yake, kanuna. Kumi na tatu iko kwangu!

Alhamisi, 11 Novemba
Jicho linauma. Kichwa kinapasuka. Taa zina pete za rangi. Nimetapika. Navumilia, kitu kipya lazima kibane kwanza.

Ijumaa, 12 Novemba
Honorata kanipima upya, akaguna. Lenzi ya kumi na tatu ndani ya jicho la kumi na mbili! Kanichamba hadi wodi nzima ikacheka. Akasema ningekaa zaidi, jicho lingekufa. Hapo niliogopa. Lenzi imetolewa. Yangu nitawekewa jicho likipoa.

Jumapili, 14 Novemba
Mlangoni pa kanisa, na bandeji. Nikasoma namba kwa sauti, kwa kujiamini. Mama Agatha akauliza mbona nimeelekea duka la Justa, si sokoni. Paschal akavaa miwani, akasoma namba yote na jina la fundi rangi. Kapewa funguo. Nikalalamika kuhusu miwani. Mama Agatha akauliza nani aliikataza. Nimelia, nisifiche.
Lakini lenzi haikuwa na kosa. Jicho halikupewa muda wa kuzoea.
Na Januari wanakuja wa meno ya bandia! Mzee Gideoni wa sauti ya besi ana kinywa kipana kuliko wote Vudee, saizi yake ndiyo itakuwa kubwa. Leo nimempa shikamoo mara mbili. Jumapili ijayo nakaa naye benchi moja.