Mkono Wangu na Sanduku la Kanda

Jamani wa Kaloleni, kabla hamjasikia kwa mwingine, acha niseme mwenyewe: leo nimeadhirika mbele ya msikiti mzima. Mchana kweupe. Siku ya Ijumaa.

Asubuhi niliondoka bila mpango. Mnanijua. Niliona lori la nazi limesimama, nikamwuliza dereva, "Waenda wapi?" Akasema, "Mombasa, Marikiti." Nikapanda juu ya nazi. Huo ndio ulikuwa mpango.

Marikiti nilisaidia kushusha mzigo, nikaanza kuulizia chumba. Hamali mmoja mwenye gunia la vitunguu mgongoni akanijibu bila kusimama. "Nenda Kibokoni kwa Bi Zuhura. Ana chumba, lakini hampi kila mtu."

"Kwa nini?"

"Mimi nina gunia mgongoni, weye wanipa na maswali nibebe?"

Bi Zuhura ni mama wa makamo, mjane, sauti ya upole na macho ya askari wa forodha. Salamu peke yake zilichukua muda wa kuchemsha chai. Aliuliza hali yangu, ya mama, ya baba, ya Kaloleni, na ya mvua ya Kaloleni. Ndipo akanionyesha chumba. Wenyewe huita sabule, chumba cha mbele cha wageni wa kiume, chenye mlango wake wa barabarani. Kuta nyeupe. Kitanda cha kamba. Dirisha la mbao linalofungika. Mimi nimelala kwenye stoo za watu miezi minane, jana nililala juu ya magunia ya mbata. Nilikitaka chumba kile kuliko chakula.

"Mpangaji wa kwanza alikuwa mlevi," akasema. "Wa pili alikuwa na mdomo, siri za nyumba yangu nazisikia sokoni. Sasa nataka mtu wa kuaminika. Nitajuaje kama weye ni wa kuaminika?"

"Nijaribu, mama." (Kosa la kwanza.)

Akaingia ndani, akatoka na kanda mbili za video. Moja ilikuwa katika kasha la buluu, nyingine imefungwa kwa mtandio wa waridi.

"Hii ya kasha ni picha ya Kihindi, ya kukodi dukani kwa Kassim. Ana sanduku mlangoni, itie humo. Hii ya mtandio ni amana. Ni kupamba kwa mwanangu Salma."

Kwa nyinyi msiojua: kupamba ni siku bibi arusi anapoketishwa jukwaani atazamwe, na waalikwa ni wanawake watupu. Buibui huvuliwa, dhahabu huvaliwa, watu hucheza mpaka wachoke. Mwanamume hatii mguu. Hata kamera hushikwa na mwanamke.

"Dada yangu Maryam wa mtaa wa Kuze alikuwa na homa, hakuiona," akaendelea. "Mpe mkononi mwake. Si mumewe, si mwanawe. Hakuna mwanamume aliyeiona kanda hii. Bwana arusi mwenyewe ameiomba, nimemwambia asubiri."

"Mbona basi wanipa mimi?"

"Kwa sababu weye humjui mtu. Hata ukiiona, hujui nani ni nani. Ukirudi salama, ufunguo ni wako. Na usiifungue."

Usiifungue! Kuna watu neno hilo huwatuliza. Mimi hunipa homa.

Sikufika mbali. Kwenye baraza ya pili nikaketi, kanda zote mbili mapajani. Nilikuwa sijawahi kushika kanda ya video maishani. Nikafungua mtandio. (Kutazama tu.) Nikaitoa na ile ya Kihindi, nizilinganishe. Ya Salma haikuwa na maandishi, na ya Kihindi karatasi yake ilikuwa imefutika kwa vidole vya wateja. Pembeni pana kitufe kidogo. Ukikibonyeza, kifuniko kinanyanyuka. Ndani? Utepe mweusi! Dhahabu yote ile, vigelegele vyote vile, utepe mweusi. Nikaifungua na ya pili. Utepe mweusi vilevile.

Mara mzee mmoja mwenye bakora akapita akienda msikitini, akakohoa kile kikohozi cha kumwuliza mtu anafanya nini. Nikashtuka, nikazirudisha haraka. Hii kwenye kasha, hii kwenye mtandio. Nilikuwa na uhakika. (Hata siku niliyoacha shule nilikuwa na uhakika.)

Duka la Kassim lilikuwa limefungwa kwa ajili ya sala. Mlangoni pametobolewa tundu lenye ulimi wa bati, na kwa ndani pamepigiliwa sanduku. Juu yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: JIHUDUMIE. TIA KANDA. USITIE KITU CHENGINE. Mbele ya tundu alisimama bwana mnene mwenye kanzu, kofia mkononi, akiligombeza.

"Zamani ukileta kanda, Kassim akuuliza hali, akuuliza watoto, hata tende akupa," akaniambia, kama kwamba tunajuana miaka. "Sasa wasalimiana na bati! Jumanne nimetia kanda humu. Jumatano aniuliza, 'Iko wapi?' Shahidi wangu ni nani? Sanduku! Na sanduku ni lake!"

"Ameyatoa wapi mambo haya?"

"Ameyaona Dubai. Huko hawana wakati wa kusalimiana. Sisi hapa Kibokoni tumekosa wakati lini?"

Akavaa kofia, akaenda kusali. Nikatia kanda. Ikaanguka, ko! Sauti nzuri sana. Nikausukuma ule ulimi mara tatu bila sababu, kuona unavyofanya kazi. Unaingia ndani, hautoki nje. Nikamsifu fundi kwa moyo wangu wote.

Kuze, Bi Maryam alifungua mlango nusu, akatoa mkono, akapokea mtandio, akafunga. "Ngoja nikurudishie mtandio wake," akasema kwa ndani. Nikangoja. Nikasikia mashine ikimeza kanda. Kisha nikasikia: dishum! Dishum! Dishum!

Nikajisemea, huyo Salma ameolewa kwa ngumi?

Mlango ukafunguka wote. "Weye! Kanda ya Salma iko wapi?"

"Sanduku… la Kassim."

"Ya Rabbi! Huyo akitoka msikitini hufungua sanduku, na jambo la kwanza huzitia kanda kwenye mashine, atazame kama watu wamezirudisha mwanzo. Na televisheni yake yatazama ndiani, barabarani kabisa! Msikiti mzima wapita pale! Kimbia! Mimi namwendea Zuhura."

Nilikimbia mpaka nazi niliyokula lorini asubuhi ikanirudi kooni. Mtaa ulikuwa mtupu. Kwenye kipaza sauti khatibu alikuwa ameshaanza khutba, na katika mambo yote ya dunia alichagua kuzungumzia amana.

Nikatia mkono kwenye tundu la Kassim. Wa kulia. Mpaka kiwiko. Mpaka kwapa. Vidole vikagusa kanda, iko juu kabisa! Nikaibana kwa vidole viwili, nikavuta. Ule ulimi ukaniuma mkono. Nikavuta tena, ukauma zaidi. (Kumbukeni: unaingia, hautoki. Nilikuwa nimeujaribu mara tatu.) Nikiachia kanda, labda ningetoka. Lakini nikiiachia, Salma yuko barabarani. Sikuachia.

Sala ikaisha.

Kanzu nyeupe zikajaa mtaa. Wa kwanza kunifikia alikuwa yule mzee wa bakora. Mzee mwenye adabu zake, akaona mgeni kasimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Assalamu aleikum."

"Wa aleikum salaam," nikasema, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na shughuli, nikampa wa kushoto.

Mzee akautazama mkono ule kama aliyepewa samaki aliyeoza.

"Mwizi!" mtu akapaza sauti. Wakanizunguka. Yule bwana mnene akasema, "Mwacheni! Labda na yeye adai kanda yake ya Jumanne."

Kassim akaja na funguo, kijana mrefu wa kunukia udi. Akafungua mlango. Na kwa kuwa nilikuwa sehemu ya mlango, mlango ulipoingia ndani, nami nikaingia nao kwa hatua ndogo ndogo. Watu wakacheka. Akafungua sanduku kwa nyuma, akaukuta mkono wangu humo, umeng'ang'ania kanda.

"Achia."

"Siachii."

Akanichomoa kidole kimoja kimoja. Akainua kanda juu. "Hii si yangu. Kanda ya nini hii?"

Hapo ndipo nilipofikwa. Niseme ni kupamba kwa Salma? Mbele ya wanaume hamsini? Mpangaji wa pili alifukuzwa kwa dogo kuliko hilo.

"Ni yangu," nikasema.

"Ina nini?"

"Ni yangu tu," nikarudia.

"Asema ni yake, hataki kusema ina nini," Kassim akawatangazia. Kisha nikaona nyuso zote zinafikia jibu moja kwa pamoja.

"Picha chafu!"

"Astaghfirullah! Siku ya Ijumaa!"

"Na kwa mkono wa kulia!" akasema mzee wa bakora.

Ningeweza kukana. Nikatazama viatu vyangu. "Nirudishieni tu," nikasema, "niende nayo kwetu."

"Haendi nayo," akasema mmoja. "Lazima tuhakikishe." Na jamani, hapo ndipo nilipoona uchaji! Wamelaani, wamesonya, wamemwomba Mungu msamaha, na hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani kula pilau. Walio nyuma wakasukuma kuja mbele, ili wachukizwe kwa karibu. Kassim akawasha televisheni. Akaielekeza kanda kwenye mdomo wa mashine. Nikapiga kelele, "Usitie!" wakanishika bega. Hata hawakuwa na haja. Ningekwenda wapi na mlango?

"Kassim!"

Umati ukapasuka kati. Buibui mbili: Bi Zuhura mbele, Bi Maryam nyuma akihema.

"Nipa hiyo kanda."

"Bi Zuhura, hii si ya kushikwa na mtu wa heshima. Kijana huyu—"

"Ni yangu mimi. Ni kupamba kwa Salma." Akamtazama mpaka chini, akamrudisha mpaka juu. "Mkeo yumo humo. Amecheza nyimbo tatu. Mamako amecheza nne. Haya, itie."

Kassim akaiachia kanda kama kaa la moto. Bi Zuhura akaidaka, akawageukia wengine taratibu.

"Nani mwengine alikuwa ataka kuhakikisha? Nani humu hakuwa na mke pale, au dada, au binti?"

Sijawahi kuona mtaa ukimalizika haraka vile. Kumbe wote walikuwa na pilau nyumbani, inapoa. Mzee wa bakora peke yake alibaki, kwa kuwa hana mbio.

Kassim alinitoa kwa bisibisi na mafuta ya nazi. Ulimi wa bati aliung'oa kabisa. Yule bwana mnene, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, akarudi kuchungulia sanduku, akaipata kanda yake ya Jumanne imenasa kwenye pembe. Alipiga kelele za furaha mpaka Kassim akalazimika kumpa tende.

Bi Zuhura akanirudisha kwake. Mlangoni akasimama.

"Nilikwambia usiifungue."

"Ndiyo, mama."

"Ukaifungua."

"Ndiyo, mama."

"Lakini umeitwa kila jina mbele ya watu, na jina la mwanangu hukulitaja." Akatoa ufunguo kwenye pindo la leso. "Kanda zangu usizishike tena maisha yako."

Basi naandika nikiwa sabuleni kwangu, juu ya kitanda cha kamba, kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandiko msiucheke. Wa kulia umevimba kama muhogo. Ukweli wa mambo unajulikana na waliosikia maneno ya Bi Zuhura, nao wameapa kwamba hawakuwepo. Mtaa uliobaki umesikia ile habari ya kwanza. Kwa hiyo mkija kunitembelea, anwani hamna haja nayo. Mkifika Kibokoni ulizeni anakaa wapi yule wa picha chafu, mtaletwa mpaka mlangoni.