Kiti cha Motere

Jumatatu, tarehe 17 Mei 2021

Itangazwe kwa wakaaji wote wa mwambao wa Kituku, hata kama kwa sasa anayesikia ni mimi peke yangu: leo, saa ya chai, nimekata shauri. Kiti cha motere cha boti yangu kitakuwa cha chuma. Si cha mbao. Nimelitafakari tangu Pasaka.

Kiti cha motere ni kile kipande kinachofungwa nyuma ya boti ili motere, mashine ya kuisukuma, ikae. Boti bila kiti ni sahani tu.

Boti yangu ni ya mbao, ya zamani, imelala ndani ya parsele, kiwanja cha nyumba yetu, juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2012, waasi walipoingia mjini, niliijaza mawe nikaizamisha ziwani wasiione. Akili yangu mwenyewe. Boti hawakuichukua. Tangu hapo ninaitengeneza polepole, kwa heshima.

Séraphine, mke wangu, hana heshima hiyo. Amesema isipotoka hapa kabla ya Pentekoste, ataivunja afanye nyumba ya kuku. Pentekoste ni Jumapili hii. Nimemweleza kwamba ufundi haufuati kalenda ya kanisa. Amesema kuku nao hawafuati ufundi.

Jumanne, tarehe 18

Nimetembelea boti za wengine. Kiti kizuri kuliko vyote anacho jirani yangu Théoneste. Kimetoka Kampala, kinapanda na kushuka kwa mkono mmoja. Mwenyewe hakistahili. Anakianikia suruali.

Cirimwami, fundi wa kuunga vyuma, amesema nimpe kipimo tu, atanitengenezea kama hicho kwa chuma cha lori lililokufa. Kisha akauliza motere ni ya mguu mfupi ama mrefu, maana kiti kinafuata mguu unaoshuka majini. Nimemwambia asirukie mambo ya mbele.

Namna ya kupima bila Théoneste kujua: nimeipata. Sitaiandika leo. Kuta za hapa ni za mbao nyembamba.

Jumatano, tarehe 19

Rozari! Ni mwezi wa Maria, nani atamshangaa mtu mwenye rozari mkononi? Nimeinama nyuma ya boti ya Théoneste, nimeinyoosha rozari juu ya kiti, nimebana punje ya kipimo kwa kidole gumba. Safi kabisa.

Théoneste akatokea na ndoo. Akanitazama sana.

“Papa Landry, unaniombea boti yangu?”

Ningesema nini? Nimesema ndiyo.

Akatua ndoo, akavua kofia, akapiga magoti pembeni yangu. “Endelea, muzee. Tuko wote.”

Sasa, Salamu Maria inataka kidole kisogee punje inayofuata. Tumesali mafumbo yote ya utukufu. Kipimo changu kimepotea mahali fulani kati ya Kufufuka na Kupaa. Théoneste alikuwa na machozi. Amenipa samaki.

Nimempelekea Cirimwami kipimo cha kukumbuka. Nimeongeza kidogo kwa usalama.

Ijumaa, tarehe 21

Kiti kimefika. Kimeletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, wawili wakisukuma. Cirimwami amesema kinaweza kubeba motere ya Fuso. Nimeipokea kama sifa.

Séraphine ameuliza kama ni kitanda cha wageni.

Tumekifunga kwa bulo, skrubu nene za kukaza. Palepale pua ya boti ikainuka, kama mtu aliyesikia harufu ya nyama kwa jirani. Ni dalili ya mwendo. Séraphine ameangalia pua, ameniangalia mimi, amekwenda kuhesabu kuku.

Jumapili, tarehe 23, Pentekoste

Jana jioni mlima wa moto umepasuka. Mbingu nyekundu, mji mzima njiani na magodoro kichwani. Tumelala chini kule Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tumerudi asubuhi. Moto umesimama Buhene, karibu ya uwanja wa ndege. Kuna waliorudi wakakuta jiwe jeusi pale nyumba ilipokuwa. Juu ya hao siandiki mchezo.

Ninaandika tu kwamba leo hakuna aliyetaja nyumba ya kuku.

Nimetumia nafasi kupaka kiti rangi ya bluu. Udongo unatikisika kila wakati. Mistari imekwenda pembeni, lakini kosa si langu.

Alhamisi, tarehe 27

Alfajiri wakubwa wametangaza tuondoke mjini, mlima haujamaliza. Barabara ya Sake imejaa, huwezi kupitisha hata mbuzi. Mama mkwe wangu, Nyiramahirwe, hawezi tena kutembea mbali. Ni mtu wa vilima vya Masisi. Ng'ombe anamjua, ziwa hapana.

Séraphine akasema: “Papa Landry, leta boti.”

Nikasema bado kuna marekebisho.

“Mama yangu atafia hapa sababu ya marekebisho?”

Majirani wakaibeba mpaka majini. Nyuma ikazama palepale, kwa uzito wa kiti. Nikaanza kueleza sababu. Séraphine akachukua ufunguo wa kukazia, akafungua bulo mwenyewe, akakipindua kiti katikati ya boti, akamkalisha mama yake juu.

Nyiramahirwe alikuwa amefumba macho. Baada ya muda akasema kiti ni kizuri, hakichezi. Ndiyo sifa ya kwanza tangu kazi hii ianze. Nimeiandika jinsi ilivyo.

Tukapiga kafi. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kabla hatujaipita Himbi. Ndipo akapita Théoneste, boti imejaa watu, akapunguza mwendo, akatupa kamba. Nilikuwa natafuta maneno ya kukataa kwa heshima. Séraphine alikuwa ameshaifunga.

Théoneste akapaza sauti juu ya motere: “Papa Landry, unaona? Ile sala yako ju ya boti yangu, Mungu aliisikia!”

Boti yake nzima ikaitika Amina. Mama mkwe pia.

Alhamisi, tarehe 10 Juni

Tumerudi. Nyumba imepata ufa, lakini imesimama. Boti imelala mahali pake.

Séraphine amesema haitavunjwa tena. Imembeba mama yake, kuku watajengewa kwa mbao nyingine. Anataka tu kafi mpya mbili, basi.

Séraphine haoni mbali. Mimi nimeichunguza safari yote na nimepata kosa lilipokuwa. Kiti kilikuwa kimoja, kikachukuliwa na mama mkwe. Vinatakiwa viwili. Nimekwenda kwa Cirimwami mara moja kuagiza cha pili, kipana kuliko cha kwanza. Ameuliza tena ni motere gani. Fundi mwenye maswali mengi hivi sijawahi kuona.

Mwaka ule wa 2012 niliizamisha boti tu. Motere nilikuwa nimeificha nyumbani, chini ya kitanda. Hiyo waasi waliichukua, na sina nyingine.