Kiwanja Namba 1,000,003

Wizara ya Migawanyo ina furaha kuwatangazia wananchi kwamba ardhi sasa itagawanywa kisayansi. Kila kiwanja ambacho namba yake inagawanyika kitakatwa kwa kigawo chake kidogo kuliko vyote, ukiacha moja. Mwenye kiwanja atabaki na fungu moja, mengine watapewa wanaosubiri makazi. Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kugawa, ndiye niliyeitunga kanuni hiyo.

Mtaani kwetu kazi ilianza vizuri. Upande wa kushoto namba zote ni shufwa, kwa hiyo nyumba zote zilikatwa nusu kabla ya chai. Jamaa mmoja alitoka chumbani asubuhi akakuta jiko lake ni la shemeji wa Waziri. Nilimpa pole ya kiofisi. Waliokuwa wakisubiri makazi wote walikuwa mashemeji wa Waziri.

Upande wa kulia anaishi Waziri mwenyewe, namba 1,000,001. Jirani yake, 1,000,003, ni shangazi yangu, fundi cherehani. Hapo kwa shangazi ndipo Waziri alipotaka kuegesha magari yake. Tulizigawa namba zote mbili kwa kila namba kuanzia mbili hadi mia, kama kanuni inavyosema, na kila mara kilibaki kitu. Tukatangaza kwamba hazigawanyiki.

Waziri akaniita. "Yangu iko sawa. Ya huyo mama, endeleeni mpaka ikubali."

"Mheshimiwa, kanuni inaishia mia."

"Si wewe uliyeitunga? Ifikishe elfu."

Nikaifikisha, naye akatia saini. Kisha nikaenda kwa shangazi, aliyenilea tangu mdogo, na roho ilikuwa inaniuma.

"Shangazi, ni kazi tu."

"Najua, mwanangu," alisema bila kuacha kushona. "Mkikikata hiki chumba, nyie chukueni upande unaovuja."

Tukagawa hadi elfu. Namba ya shangazi ilikataa katakata. Kuendelea hakukuwa na maana: kigawo kinachozidi elfu lazima kiwe na mwenzake mdogo, wa chini ya elfu, na wadogo wote tulishawamaliza.

Ila kanuni ni ya mtaa mzima, hivyo tulirudia na namba ya Waziri. Tulipoivuka mia tu, mia na moja ikaingia mara 9,901, hakikubaki kitu. Saini ya Waziri ilikuwa bado mbichi. Tukakikata kiwanja chake mafungu mia na moja, na kwa kuwa mashemeji walishaishia upande wa kushoto, yale mia mengine yakalazimika kwenda kwa watu wenye shida kweli. Yule jamaa aliyepoteza jiko sasa anapikia sebuleni kwa Waziri. Mheshimiwa alibaki na kibanda cha mlinzi.

Jioni alibisha hodi kwa shangazi, nami nikiwepo. "Mama, nipe kona moja tu, niegeshe hata gari moja."

Shangazi alivua miwani. "Ningekupa, baba. Lakini kiwanja hiki hakigawanyiki. Muulize mwanangu hapo, ndiye mwenye kanuni."

Nilithibitisha kwamba ndivyo ilivyo.