Mgonjwa wa Chumba Namba Sita

Jumatatu, 18 Mei 2015. Kasingirima.
Mzee Hamdani, mwenye nyumba, katangaza: kuanzia Juni kodi inapanda. Kipindupindu kimeingia, wafanyakazi wa mashirika ya misaada nao wameingia, wanatafuta vyumba kwa bei yoyote. Asiyeweza, ahame. Mimi siwezi! Skolastika wa chumba cha kwanza kaitisha kikao bombani: twende kwa Mzee wote pamoja, kodi ibaki palepale mpaka ugonjwa uishe. Wakamchagua yeye mwenyekiti. Mimi, Dismasi, sikupata kura hata moja. Nilisahau kunyoosha mkono. Sawa. Nitaizuia kodi peke yangu.

Jumanne, 19 Mei.
Akili! Chumba namba sita hakina mtu, na Mzee haji tena uani, anaogopa ugonjwa. Nimekifunga kwa kufuli langu, mlangoni nikaweka ndala kuukuu na ndoo ya maji ya klorini. Dalali alipoleta wateja wa shirika, nikawanong'oneza kuwa humo kalala Nikodemu, mkimbizi wa Kirundi, kashuka melini juzi, anaharisha. Waliondoka bila kuaga. Bila wapangaji wapya, Mzee atatufukuza aweke nani? Jirani yangu Kaneza, Mrundi, akauliza huyo Nikodemu ni wa kilima gani; kwao kila mtu hujulikana kwa kilima alikozaliwa. Nikasema kile kirefu. Akaniangalia sana.

Alhamisi, 21 Mei.
Skolastika kampikia mgonjwa uji, kauweka mlangoni. Anajitafutia sifa tu. Nikapanga kuunywa mimi jioni. Jioni, bakuli tupu! Limeoshwa, limefudikizwa. Panya hawaoshi vyombo. Kufuli halijaguswa, ufunguo ninao mfukoni. Kaneza anasema kaongea naye kupitia mlango, Kirundi safi. Kumbe ni wa kilima cha mama yake! Mtu mtulivu, anauliza habari za kila mtu. Kaniulizia na mimi. Sijapenda.

Jumamosi, 23 Mei.
Watu wa afya wamekuja na bomba la dawa. Nikajua nimekwisha. Nikafungua kufuli, nikasimama mbali. Wakaingia. Wakakaa. Nikawasikia wakimpa pole, wakimsihi anywe maji ya chumvi na sukari. Walipotoka walisema anaendelea vizuri, mimi ndiye niliyepauka. Nikachungulia. Hakuna mtu! Nyayo zenye maji tu, zinakwenda mpaka ukutani, hazirudi. Harufu ya ziwa. Nimeogopa, naandika ukweli. Nikafunga tena kufuli, maana mpango ni mpango.

Jumatatu, 25 Mei.
Wote wamekwenda kwa Mzee Hamdani. Mimi nimebaki, siongozwi na Skolastika. Wamerudi na vigelegele: kodi haipandi mpaka ugonjwa uishe! Nikajua ni kazi yangu. Wapi! Wanasema walikwenda na Nikodemu, na ndiye aliyemlainisha Mzee. Katoa shikamoo, kaongea polepole, Mzee akafuta machozi. Nikaenda kutazama kufuli. Limefungwa. Nikauliza huyo mtu anafananaje. Kaneza akasema anafanana na mimi, ila yeye ana adabu.

Jumapili, 31 Mei.
Mzee kaniita. Kodi haipandi kwa waliokwenda kwake. Mimi sikwenda. Tena ndugu zake Nikodemu wanashuka melini kesho, wanahitaji chumba cha jirani. Changu! Nikaapa kwamba Nikodemu hayupo, nimemtunga mwenyewe. Mzee akanionea huruma. Akasema Nikodemu alishamtahadharisha kuwa ningesema hivyo. Nimefunga mizigo. Skolastika kanisaidia kubeba godoro, wala hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Kaniambia ningekwenda nao tu, ningebaki. Tulipopita namba sita, mlango ulikuwa wazi. Kufuli langu nimelikuta juu ya begi langu, limefutwa vumbi.

Jumatano, 3 Juni. Mwandiga.
Nimepata chumba. Mwenye nyumba wa hapa, Mama Mwanvua, hapangishi makapera. Akili! Nimemwambia mke wangu Astérie yuko njiani, mpole, haongei sana. Nimenunua ndala za kike, nikaziweka nje ya mlango ili zionekane. Leo asubuhi nimezikuta ndani, kando ya godoro langu, zimelowa chepechepe. Itakuwa umande.