Kadi Kumi na Moja za Droo ya M

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kanipima moyo, kakunja uso, kaniambia nimalizie mambo yangu mapema. Nikamuuliza mapema ni lini. Kasema nisianze jambo refu. Basi! Miaka themanini na mmoja, na sasa hata kununua chumvi kilo nzima ni kujitapa.

Jambo langu ni moja. Shemeji.

Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Tulifanya kazi maktaba moja, meza zikitazamana. Miaka thelathini na miwili iliyopita, alipokuwa akitafutwa mkuu wa maktaba, nilichomoa kadi kumi na moja za orodha ya vitabu kwenye droo yake ya M, aliyoipanga kialfabeti kwa miezi mitatu, nikazichomeka ovyo. Kisha nikamwongoza mkaguzi mpaka kwenye droo hiyo hiyo. Mimi nikapewa ofisi yenye pazia. Yeye akapelekwa stoo ya magazeti ya zamani.

Hakumshuku mtu. Alijishuku mwenyewe. Tangu siku ile anahesabu ngazi, anarudi mara tatu kutazama kama kafunga mlango, na tukicheza drafti, kila akisogeza kete, huuliza: "Shemeji, nimekosea?" Kila swali, msumari.

Lazima niungame kabla sijafa. Lakini asijue nikiwa hai. Uso wake siuwezi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Kompyuta kuukuu aliyoniachia binti yangu haina picha za kubofya. Ni kioo cheusi tu: unaandika amri, inatii. Sikuwahi kutiiwa hivi hata nilipokuwa mkuu. Shemeji naye huitumia, anaandika orodha ya vitabu vyake vya nyumbani. Ndiye aliyenifundisha amri iitwayo sort: unaandika sort, kisha jina la faili, na mistari inajipanga yenyewe. Alinifundisha kwa maringo, eti wakuu wa maktaba huwa wazito kuelewa.

Nimeandika ungamo. Sentensi moja, mstari mmoja, namba mbele. Kumbukumbu ya mzee haiji kwa foleni: ya 17 imekuja kabla ya 3, ya 40 kabla ya zote. Jumla mistari arobaini na mitatu. Nikaamuru ijipange. Ole wangu! Ikaja 1, ikafuata 10, 11, 12, mpaka 19, ndipo 2, kisha 20. Mashine inasoma namba kama herufi, inakimbilia tarakimu ya kwanza kama mwanafunzi mvivu. Sentensi ya wivu imekaa kichwani mwa sentensi ya chai kupoa.

Nilikaribia kulia. Halafu nikacheka mpaka kifua kikabana. Ungamo lisilosomeka! Mungu hahitaji mpangilio. Shemeji anauhitaji. Nitakuwa nimeungama, na hakuna atakayejua nimeungama nini.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Kumbe mpangilio wa juzi ulikuwa wa kioo tu, faili lenyewe halikuguswa. Leo nikataka kuuhifadhi. Nikaandika sort, jina la faili, alama ya mshale wa kuelekeza pa kuhifadhi, jina la faili lile lile. Nikafungua kutazama. Tupu! Hata nukta hakuna.

Nikamwita binti yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta. Kanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja wagumu, kwamba mshale hulifagia faili la kupokelea kabla sort haijaanza kusoma. Baba, kasema, umemwaga maji ili upate ndoo ya kuyatia. Kauliza lilikuwa na nini. Nikasema mapishi. Kanitazama sana. Sijapika tangu mama yake afariki, na kabla ya hapo pia.

Mchana kutwa nikajiambia hii ni ishara, mbingu zimenifutia. Saa kumi kaja Shemeji, kasogeza kete, kauliza kama kakosea.

Mbingu hazijafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika upya mistari yote arobaini na mitatu. Neno "nilihamisha" limenigharimu robo saa. Nimeipanga kwa fujo ile ile, safari hii kwenye faili jipya, na la awali nimelitupa. Jipya nimeliita zzz, liangukie mkiani mwa orodha ya mafaili. Nani hufika mkiani?

Jumamosi, 8 Machi

Kila mtu hufika mkiani! Orodha ndefu ikishapita kiooni, kinachobaki mbele ya macho ni jina la mwisho. Shemeji kaja kuongeza vitabu vyake, mimi nimesinzia kitini. Nimeamshwa na sauti yake ikinung'unika kwamba faili hili limepangwa kipunguani, na kwamba huyu mkuu wa maktaba kasahau -n. Hiyo -n, kumbe, huiambia sort kuwa namba ni namba. Nilisikia kitufe kikibonyezwa. Nikajaribu kuinuka. Miguu ikakataa, na ilikuwa na haki.

Kasoma yote. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kasoma tena. Kisha kasema nina mistari miwili yenye namba 23. Kachukua fimbo yake, kaondoka.

Hakurudi kutazama mlango.

Jumapili, 9 Machi

Hakuja. Saa kumi. Kumi na nusu. Kumi na moja. Nimepanga kete za pande zote mbili na kuzitazama. Binti kauliza Mjomba yuko wapi. Nikasema ana mafua. Kasema ametoka kumpigia simu, mzima kabisa, anaimba.

Anaimba! Sijala. Afadhali angenitukana. Anayekutukana bado anakuhesabu.

Jumatatu, 10 Machi

Kaja! Nikajaribu kumpigia magoti. Moja likashuka, la pili likagoma, ikabidi binti aje aninyanyue. Shemeji kanitaka niache maigizo ya uzeeni. Kasema miaka yote hii alidhani kichwa chake ni chujio. Aliacha kuendesha gari. Wajukuu wake hakuthubutu kuwabeba walipokuwa wachanga, akiogopa atamweka mmoja mahali na kumsahau. Juzi, akishuka ngazi zangu, kafika chini na kugundua kwamba hakuzihesabu. Kaangua kilio barabarani kwa furaha, mpaka watu wakamshika mkono wakidhani kapotea.

Kisha kanisamehe. Hivi hivi! Kwa sharti moja tu, nimwambie binti yangu kwa mdomo wangu. Nikamwambia, Shemeji akisikiliza. Binti kasema, kumbe mapishi yenyewe ndiyo hayo.

Nimelia mpaka kola ikalowa. Mimi ni mtu mpya. Daktari aje hata kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji haulizi tena. Anasogeza kete, anakunja mikono, ananitazama. Kanifunga mara sita mfululizo. Anapiga mluzi! Binti anamwandalia kiti changu, eti Mjomba kaonewa vya kutosha. Na ile orodha yake imefika vitabu mia mbili na kumi na viwili. Jumamosi mkutubi wa sasa anakuja kuikagua. Ikimpendeza, maktaba itavichukua vyote na kuvitengea chumba, jina la Shemeji likiandikwa mlangoni. Mlangoni! Langu liliandikwa kwenye karatasi, likabandikwa kwa gundi.

Shemeji kaenda kunawa mikono. Orodha kaiacha wazi.

Nimeitazama tu. Imenyooka mno, haina hata doa. Kitabu kimoja tu nimekihamisha. Cha M.

Karudi, kakaa, kasema ni zamu yangu. Nikasogeza kete. Nikajikuta nauliza kama nimekosea. Kacheka, kasema sana, Shemeji, na kete zangu tatu kazila kwa mpigo.

Alipoondoka nimefungua zzz. Nimeongeza mstari wa 44. Kisha nimeipanga upya yote, kwa makini kabisa, mtu asije akaelewa.

Bila -n.