Mrudishieni Bibi Harusi Ushungi Wake

Alwar, Rajasthan
Jumamosi

Ndugu Mtayarishaji wa tamthilia "Kizingiti cha Nyumba Yetu",

Baada ya heshima nyingi, mimi ni bibi harusi wa miezi mitatu katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bibi Kamlesh, nyuma ya soko la vyombo. Nakuandikia kwa unyenyekevu na kwa hasira, na ukiona hasira imezidi, nisamehe, uso wangu umechoka.

Zamani tamthilia zenu zilikuwa za uongo na sisi tuliishi kwa raha. Bibi harusi alilala na mkufu, akaamka wanja haujachafuka, na akivunja kikombe radi ilipiga mara tatu. Mama mkwe akimtazama yule, kisha ananitazama mimi niliyeshusha pindo la sari mpaka kidevuni, anasema, "Na wetu ndivyo alivyo. Katulia!" Halafu mkamleta huyu Sunaina wenu, bibi harusi wa kweli kabisa, anayeanika hadharani kila tunachofanya chini ya ushungi. Hivi nani aliwaomba ukweli?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu chakula. Siku ya kuagwa nyumbani kwetu watu wote walilia, na mabega yangu yalitikisika kuliko ya wote. Shangazi Vimla, dada yake baba mkwe, akasema, "Tazameni mtoto wa watu anavyolia kwa adabu!" Nilikuwa natafuna laddu, lile tonge tamu la ufuta. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na lile laddu lilikuwa gumu. Siri hiyo ningezikwa nayo. Jumanne Sunaina akatafuna laddu, kamera yenu imeingia mpaka ndani ya ushungi, na nyumba nzima ikageuka kunitazama.

2. Kuhusu masikio. Mimi ni mtu wa kriketi. Kabla ya kuolewa nilikuwa mdakaji wa timu ya chuo, nyuma ya wiketi, na mrushaji wetu alikuwa rafiki yangu Bhanwari. Yeye sasa yuko timu ya jimbo, mimi niko jikoni. Mechi zake zote nimezisikiliza kwa spika za masikioni, simu nimeisokomeza kifuani. Siku moja mpira wake ulipigwa ukatoka nje ya uwanja, nikapiga ukelele na kumwaga chai. Mama mkwe akasema, "Maskini, amewakumbuka kwao. Nenda kalale mwanangu, vyombo nitaosha mimi." Basi Jumatano Sunaina naye akachomoa spika masikioni, anacheka. Mama mkwe akainuka, akaja moja kwa moja, akanifunua. "Hee! Kumbe na wewe!" Hapo hapo akatangaza, "Kuanzia leo nyumba hii hakuna kujifunika. Uso wazi, masikio wazi. Tumestaarabika."

Majirani wamekuja kunipongeza kwa uhuru wangu. Nimewashukuru. Ningefanya nini, na wananiona?

3. Kuhusu uso wenyewe. Uso huu haukuwa na kazi, sasa umeajiriwa kutwa. Shangazi Vimla akileta mboga yake chungu ya karela, uso ufurahi. Akisimulia jiwe lake la nyongo, uso uhuzunike. Zamani nilikuwa nasinzia tu, yeye anasifu ninavyosikiliza.

4. Baba mkwe hajaniagiza nimtaje, lakini namtaja. Alizoea kukaa uani na fulana yenye matundu, kwa kuwa mimi nilihesabika sioni. Sasa naona. Kwa hiyo inabidi avae shati, na joto hili! Jana alinong'ona, "Mkwe, huyo Sunaina atakufa lini?"

5. Hili ndilo linaloniliza, na nalia kweli, bila laddu. Kesho Bhanwari anacheza fainali. Kesho hiyo hiyo mjukuu wa Shangazi Vimla ananyolewa nywele zake za kwanza, sherehe iko kwetu, na mimi nitakaa katikati ya wanawake wa ukoo mzima, uso wazi, masikio wazi. Rafiki yangu atarusha mipira ya maisha yake na mimi nitakuwa nasikiliza habari za nyongo.

Kwa hiyo naomba: Sunaina avishwe ushungi, urefu usipungue magoti. Baadaye ufike miguuni. Ikiwezekana asionekane tena kabisa, watazamaji waambiwe tu kwamba yumo. Wale wa uongo warudi, na mikufu yao na radi zao. Mkikataa, mabibi harusi wa Alwar tutaandamana tumejifunika gubigubi, na polisi hawatajua wamkamate nani.

Wasalimie wote hapo kazini, mpiga kamera, mshona sari, na hasa yule wa radi.

Wako mtiifu, aliye wazi kwa kulazimishwa,
Nirupma

Tanbihi, Jumapili: Samahani kwa mwandiko, naandika chini ya ushungi. Wageni walipokaa tu, mama mkwe alisema kwa sauti, "Leo kuna wakubwa, bibi harusi ajifunike!" Kisha akashusha wa kwake pia, akaja kujibanza kwangu. "Nimemwona Sunaina anavyozichomeka masikioni," akaninong'oneza. "Lete moja. Bhanwari ndiye yupi?" Bhanwari alipoangusha wiketi, tulipiga ukelele wote wawili. Shangazi Vimla anawaambia watu, "Tazameni wanavyopendana hawa, mpaka wanalia pamoja."

Ndugu, msibadilishe kitu. Ila mama mkwe anauliza: yule mama mkwe wa Sunaina, anayetia sumu kwenye maziwa, mbona yeye hamjamfanya wa kweli? Naishia hapa, amenibana mkono, na Bhanwari anarusha tena.