Mwanafunzi wa Tano

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Mfuko wa mafunzo ya ujenzi unampelekea mkufunzi, bure, kila mwajiri mwenye vibarua wasio na vyeti. Nimesoma tangazo mara tatu. Na mkufunzi wa vigae eneo hili ni mmoja tu: mke wangu! Miezi saba sasa yuko kwa dada yake. Simu zangu hapokei. Ya Mfuko atapokea tu. Mimi ni kichwa, jamani!

Jumanne, 4 Machi
Kikwazo. Fomu inataka wanafunzi watano, mimi nina vibarua wanne. Nikaenda kumwomba jirani yangu, mkandarasi mwenzangu, tunayemwita Bwana Timazi, aniazime mmoja. Akacheka mpaka akashika kiuno. Eti kwanza nikamalize ukuta wa jikoni kwangu. Mbea mkubwa! Jikoni kwangu kunamhusu nini? Vigae vipo, maboksi sita, mwaka wa nne huu. Nasubiri nafasi. Wa tano nimejiandika mwenyewe. Kazi: kibarua.

Jumatatu, 10 Machi
Amekuja! Ovaroli ya buluu, penseli sikioni, vilevile. Vibarua wakamwamkia shikamoo mwalimu. Na mimi, kwa kiwewe, nikamwamkia. Mke wangu! Akaitikia marahaba bila kunitazama. Akataka kila mtu abandike vigae kumi. Mimi niliitazama mikono yake tu. Nimeikosa mikono ile, siwezi hata kuandika ni kiasi gani. Vigae vyangu vimeanguka vyote.

Alhamisi, 13 Machi
Wakati wa chai nikamwomba arudi nyumbani. Akajibu taratibu kwamba alipika miaka mitatu na ushee akitazama saruji tupu, na mume ni fundi. Hakuondoka kwa hasira, alichoka kungoja. Siku ukuta ukiisha nimpigie, atapokea. Kisha akaniambia nikaloweke vigae. Nililia kidogo. Nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 14 Machi
Mtihani. Vibarua wangu wote wanne wamefaulu. Mchana huohuo Bwana Timazi kawachukua, wao na vyeti vyao. Nyang'au! Mimi nimefeli. Mwalimu akaniuliza kama nilisikia alichoniambia jana. Nikasema nimesikia, kila neno. Akaenda hatua mbili, akageuka, akasimama. Alikuwa kama anangoja kitu. Nikampungia mkono.

Jumamosi, 15 Machi
Nyumba kimya. Kikombe chake bado kipo pale kwenye msumari. Basi nimesoma tena masharti ya Mfuko, na nimeona! Aliyefeli anaruhusiwa kurudia, kwa mkufunzi yuleyule. Siku tano nzima naye! Safari hii nitajua la kumwambia. Nimekaa jikoni najaza fomu. Meza imevunjika mguu, kwa hiyo naandikia juu ya maboksi ya vigae. Yametulia, hayatikisiki, kimo chake sawasawa kabisa. Hatimaye nimeyapatia kazi.